Kura 2,466

Usiku wa tarehe 9 Agosti 2022 nilikuwa kazini, nimesimama jikoni kwenye nyumba ya wazee ninayofanyia shifti ya jioni, chai imepoa kwenye kikombe na simu iko mkononi nairifresh kila dakika. Wazee wote walishalala isipokuwa babu mmoja ambaye hulala saa anayotaka yeye. Vituo vya kura vya jimbo hili la Minnesota, Marekani, vinafungwa saa mbili usiku, ambayo kwa Agosti huku jua hata halijazama, na baada ya hapo matokeo yanaanza kuteremka kwenye tovuti ya jimbo, kwanza zile kura zilizopigwa mapema halafu kituo baada ya kituo. Mimi nilikuwa natafuta mstari mmoja tu, Kongresi, eneo la tano, chama cha DFL ambacho ndio Democrat wa huku. Ilhan Omar, mbunge aliyekuwa anatetea kiti chake, juu, mpinzani wake Don Samuels chini yake, na kati yao pengo dogo mpaka nikadhani tovuti imekosea.

Haikukosea. Hesabu ilipokwisha ilikuwa 57,683 kwa 55,217. Toa moja kwa nyengine unabaki na 2,466.

Yule babu akaniita kutoka chumbani, akaniuliza nani anaongoza, nikamwambia, halafu akaniuliza kama mimi nimepiga. Nikamwambia hapana. Hakusema kitu, akanigeuzia uso dirishani, na wallahi mpaka leo ule ukimya wake naukumbuka kuliko namba zenyewe.

Sasa najua wengi mnaosoma hii mko Mombasa, Tanga, Dar, wengine Muscat, na kila nikigusia habari hii huwa naulizwa swali moja, si uchaguzi wa Marekani ni Novemba? Ndio ni Novemba. Lakini kabla ya Novemba kuna mchujo, wenyewe wanaita praimari, ambapo kila chama kinachagua nani atakayebeba bendera yake, kuanzia kiti cha Bunge la jimbo mpaka Kongresi kule Washington. Kenya sisi tunasema mchujo au nominesheni, Tanzania wanasema kura za maoni, na mwenzangu mmoja wa kazini mtu wa Mwanza kila nikimtajia neno hili lazima aseme "wajumbe si watu wazuri", ule msemo uliovuma kwao 2020 baada ya wagombea kuahidiwa kura na wajumbe halafu masanduku yakifunguliwa hamna kitu.

Ila kuna tofauti kubwa ambayo mimi ilinichukua miaka kuielewa. Kwetu mchujo ni kazi ya chama, chama kinachapisha karatasi, chama kinapeleka masanduku, na mambo yakiharibika yanaharibika kweli, nyote mnakumbuka Aprili 2017 Jubilee walivyofuta mchujo wao siku ya kwanza kwa sababu karatasi hazikutosha. Huku anayeendesha ni serikali yenyewe. Karatasi ni za serikali, vituo ni vilevile vya Novemba, wasimamizi ni walewale, na sheria ya kuhesabu upya ni ileile. Minnesota huhitaji hata kadi ya chama. Unaingia, unapewa karatasi moja ina safu za vyama, unachagua safu moja unabaki humohumo, ukirukia safu ya chama chengine kura zako za vyama zinaharibika. Na kama hujajiandikisha unajiandikisha palepale siku hiyohiyo. Majimbo mengine yana mambo yao, Texas kwa mfano asiyepata zaidi ya nusu analazimika kurudi duru ya pili, California wagombea wote wa vyama vyote wanatupwa chungu kimoja na wawili wa juu ndio wanaokwenda Novemba hata wakiwa wa chama kimoja. Ukihama jimbo unaanza kujifunza upya.

Na kitu chengine, hiki ndicho kilichonifanya niandike. Sehemu nyingi za nchi hii kiti kinaamuliwa kwenye mchujo, Novemba ni kuweka mhuri tu. Eneo la tano la Minnesota, yaani Minneapolis na vitongoji vyake, halijamtuma Republican Kongresi tangu ule uchaguzi wa 1962. Novemba 2022 Ilhan alipata karibu robo tatu ya kura. Kwa hiyo ushindani wa kweli ulikuwa ule wa Agosti, wa kura 2,466. Ni kama Nyanza ukishapata tiketi ya chama cha ODM wakati wa Baba, yaani Raila Odinga, watu wanaanza kukuita mheshimiwa kabla hata karatasi za uchaguzi mkuu hazijachapishwa. Eneo moja la Kongresi lina watu kama laki saba hivi. Laki saba! Na aliyewaamulia ni elfu hamsini na kitu, watu wasiojaza hata uwanja mmoja mkubwa wa mpira.

Mimi nilifika Minneapolis mwanzo wa 2016, nikapanga na binamu yangu kwenye yale maghorofa ya Cedar-Riverside yenye mabati ya rangi ya njano na nyekundu na buluu, anayeyajua anayajua. Baridi ile sina haja ya kuisimulia. Jirani yetu alikuwa mama mmoja mtu wa Barawa, mtu mzima, mimi namwita Bi Mkubwa mpaka leo, na siku ya kwanza aliponisikia nazungumza na simu kwenye korido alinishika mkono akasema "kumbe mwanangu we ni mtu wa Mombasa", kwa sababu na yeye vita vilipoanza Somalia alitoroka kwa bahari akafikia Mombasa kama wengi. Basi ikawa ndio mamangu wa huku. Kahawa kwake, mahamri kwake, na habari zote za mtaa kwake.

Na habari kubwa ya mtaa mwaka huo ilikuwa kiti cha 60B. Hicho ni kiti cha Bunge la jimbo, kimoja kati ya viti 134, kila kimoja wakati huo kikiwakilisha watu kama elfu 39 hivi. Alikuwa amekikalia Phyllis Kahn, mama aliyechaguliwa mara ya kwanza 1972, miaka 44, yaani mimi sijazaliwa yeye yuko bungeni. Wapinzani wake kwenye mchujo walikuwa wawili, Mohamud Noor aliyeshajaribu 2014 akashindwa, na Ilhan Omar, binti wa miaka thelathini na kitu. Sasa nilipoambiwa kwamba huyu Ilhan alikaa kambi ya wakimbizi ya Utange nikashtuka, kwa sababu mimi ni mtoto wa Kisauni, Utange ni kwetu, nikiwa mdogo tulikuwa tunapita na matatu tukiyaona mahema yale na watoto wamekaa nje. Miaka minne alikaa pale kabla ya kuja Marekani. Hatukuwajua majina. Kwetu walikuwa "wakimbizi" basi, na kuna waliowaita maneno mabaya zaidi ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Tarehe 9 Agosti 2016 Bi Mkubwa alitoka asubuhi amejitanda vizuri, amejipulizia udi, mkoba kwapani kama anakwenda harusini. Mimi sikuwa raia kwa hiyo nilimsindikiza tu mpaka mlangoni nikamngoja nje. Akatoka na ile stika nyekundu wanayompa kila aliyepiga kura, kaibandika kifuani. Usiku tukakaa kwake na wanawake wengine wa ghorofa letu, simu moja imewekwa juu ya meza ya kahawa, na matokeo yakaja hivi, Ilhan 2,404, Noor 1,738, Kahn 1,726. Kura elfu mbili na mia nne zikamng'oa mtu wa miaka 44! Kelele zilizopigwa kwenye ile korido sijapata kuzisikia tena. Bi Mkubwa hakupiga kelele, alikuwa anahesabu kwa vidole, jengo letu watu wangapi, jengo la pili watu wangapi, halafu akasema "mwanangu, hizi ni kura za lifti mbili tatu hizi". Alikuwa anamaanisha hivyohivyo, kwamba watu anaokutana nao kwenye lifti wiki nzima ndio waliochagua mbunge.

Miaka miwili baadaye Keith Ellison akaamua dakika za mwisho mwanzo wa Juni 2018 kwamba hatetei kiti chake cha Kongresi anagombea uanasheria mkuu wa jimbo, kiti kikawa wazi ghafla, na Agosti 14 Ilhan akapita mchujo kwa asilimia 48 mbele ya Margaret Anderson Kelliher aliyewahi kuwa spika wa Bunge la jimbo. Novemba yeye na Rashida Tlaib wa Michigan wakawa wanawake Waislamu wa kwanza kuingia Kongresi. Na kile kiti chake cha zamani cha 60B akakichukua nani? Mohamud Noor, yule aliyebwagwa mara mbili. Huwa nampenda mtu wa namna hiyo, anayepigwa mweleka anajipangusa vumbi anarudi.

Hapo niwatoe Minnesota kidogo niwarudishe Kenya. Sisi tuna sherehe moja ya siasa za Marekani tunayoijua wote, 2008, Obama ameshinda, Kibaki akatangaza Alhamisi ya tarehe 6 Novemba sikukuu ya taifa, shule zimefungwa, watu wanacheza barabarani kuanzia Kogelo mpaka Likoni. Lakini ile sikukuu ilizaliwa kwenye michujo ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa macho kuifuatilia. 1996 Obama anatafuta kiti cha Seneti ya jimbo la Illinois, aliyekuwa na kile kiti Alice Palmer alishasema anatoka anakwenda kutafuta Kongresi, akashindwa huko, akataka kurudi kwenye kiti chake. Obama hakumwachia. Timu yake ikapinga saini za Palmer na za wagombea wengine wote, saini moja moja, mpaka wote wakatolewa kwenye karatasi na yeye akaenda kwenye mchujo peke yake. Kuna wanaoona ule ni ukatili na mimi siwalaumu. 2000 akajaribu Kongresi dhidi ya Bobby Rush pale Chicago, akapigwa vibaya sana, asilimia 61 kwa 30, kiasi kwamba mtu mwengine angerudi ofisini kwake kufundisha sheria na hadithi ikaisha. Halafu Machi 16, 2004, mchujo wa Seneti ya Marekani, wagombea saba, mmoja wao tajiri aliyemwaga mamilioni ya pesa zake mwenyewe, na Obama akapata asilimia 53 peke yake. Bila Machi ile hakuna ile hotuba yake ya Boston kwenye mkutano mkuu wa Democrat Julai yake, hakuna 2008, na sisi hatupati sikukuu. Nilikuwa sekondari 2004 na sikumbuki kabisa kusikia neno "praimari" redioni.

Au huyu Zohran Mamdani ambaye sasa kila mtu anamjua kwa umeya wa New York, mzaliwa wa Kampala. Kiti chake cha kwanza kilikuwa cha Bunge la jimbo kutoka mtaa wa Astoria, na mchujo wa Juni 2020 alimshinda mwenye kiti kwa kura zisizofika 500, tena ilibidi angoje karibu mwezi mzima kwa sababu ya korona kura nyingi zilikuwa zimetumwa kwa posta. Na msidhani ni mambo ya Democrat peke yao. 2014 kule Virginia, Eric Cantor, kiongozi wa wengi katika Baraza la Wawakilishi, mtu aliyetarajiwa kuwa spika, alibwagwa na mwalimu wa chuo Dave Brat, kura 36,105 kwa 28,912. Tangu cheo kile kianze 1899 haikuwahi kutokea.

Sawa, turudi 2022, kwa sababu najua nimelizunguka.

Niliapa uraia 2021. Nililia siku ile, binamu yangu akanipiga picha nimeshika kibendera, nikaituma nyumbani. Na mwaka uliofuata mchujo wangu wa kwanza ukafika na sikwenda. Nilikuwa na shifti mbili siku hiyo, asubuhi sehemu moja na jioni sehemu nyengine, na nilipomuuliza msimamizi wa asubuhi kama naweza kutoka kwa muda wa saa moja hivi akasema hana mtu wa kushika nafasi yangu. Nikanyamaza. Sikujua kwamba sheria ya Minnesota inampa mfanyakazi ruhusa ya kwenda kupiga kura bila kukatwa mshahara, na inahusu mchujo pia sio Novemba tu. Sikujua kwamba ningeweza kupiga mapema, siku 46 kabla ya siku yenyewe, bila kueleza sababu yoyote. Ningepita siku moja ya Julai dakika kumi nikamaliza. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza, na hili la pili ndilo linaloniuma.

Lakini kusema kweli si shifti tu. Nilikuwa pia sijui nimpigie nani, na nikadhani kutojua ni sababu ya kukaa nyumbani. Mei 2020 George Floyd alipouawa na polisi hapa Minneapolis mimi nilikuwa bado Cedar-Riverside, Lake Street haiko mbali, moshi ulikuwa unaingia dirishani usiku tunalala na vitambaa puani. Baada ya pale mji mzima uligawanyika juu ya polisi. Novemba 2021 wakazi wa Minneapolis waliulizwa kama idara ya polisi iondolewe iundwe nyengine, Ilhan akaunga mkono, Samuels akapinga, na wananchi wakakataa, kama asilimia 56 kwa 44. Ndio maana mwaka uliofuata Samuels akaweza kumkaribia vile. Ndani ya jengo moja nilikuwa nasikia maneno mawili yote ya kweli, binamu yangu anasimamishwa na polisi kila mwezi kwa gari yake kuukuu, na Bi Mkubwa anaogopa kutoka kwenda alfajiri msikitini kwa sababu ya risasi zinazopigwa chini ya jengo. Nilitaka mtu anionyeshe mgombea mmoja mwenye majibu yote mawili. Hakuna. Na kumbe ndio maana unaambiwa chagua.

Bi Mkubwa aliponiuliza kesho yake kama nilipiga, nikamwambia nilikuwa kazini. Akaniambia "mimi na magoti haya nilikwenda". Hakuniambia alimpigia nani na sijawahi kumuuliza, kwake yeye hilo ni siri ya mtu na Mola wake.

Tangu hapo nimekuwa kero kwa watu wetu. Makundi ya WhatsApp ya Wakenya wa hapa, kikundi cha wamama wa Tanzania, Wakongo tunaosali nao mtaa mmoja, wote wamechoka na mimi. Juni nawatumia tarehe, Julai nawakumbusha, Agosti nawapigia mmoja mmoja. Wengi wananijibu "ngoja Novemba tutakwenda wote". Nawauliza, Novemba mtakuta nini kwenye sahani? Mtakuta chakula alichokwisha kukipika mtu mwengine. Kwa sababu tunaweza, jamani. Tumeona Novemba 2024 Brooklyn Park, kitongoji cha hapa ambako Wakenya wamejaa, imemtuma Huldah Momanyi-Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, kwenye Bunge la jimbo, na uchaguzi huohuo ulilifanya Bunge lile likae nusu kwa nusu, 67 kwa 67, kila kiti kikawa na uzito wa dhahabu. Bunge hilo ndilo linaloamua pesa za shule za watoto wetu, na malipo ya hizi nyumba za wazee na walemavu ambazo nusu ya Waafrika Mashariki wa hapa ndio tunazifanyia kazi. Washington iko mbali, lakini karatasi ya mshahara wangu inapita St. Paul, makao makuu ya jimbo.

Agosti 13, 2024, ilikuwa marudio, Ilhan na Samuels tena. Safari hii nilikwenda. Ningeweza kupiga mapema lakini Bi Mkubwa hataki kusikia habari za mapema, anasema harusi huendi kabla ya siku yake, basi nikaomba siku nzima kazini mwezi mmoja kabla, kwa maandishi. Tulikuwa watatu, mimi, yeye, na dada mmoja Mbajuni aliyehamia jengo letu wiki mbili nyuma, hana bili yoyote ya kuonyesha anakaa pale. Alishaanza kurudi mlangoni, macho yamemjaa. Kumbe hapa sheria inaruhusu mpiga kura wa kituo hicho kumwapia jirani yake kwamba anamjua anakaa hapo. Nikainua mkono nikaapa, nikatia saini, sauti inanitetemeka kuliko siku ile ya uraia.

Usiku namba zilikuja mapema, 67,926 kwa 51,839, haikuwa kama ile ya 2022. Lakini jioni ile kabla ya namba, tulipotoka kituoni, Bi Mkubwa alisimama kwenye kivuli cha mti akaibandika stika yake juu ya buibui, akaigandamiza vizuri kwa kidole gumba, halafu akaichukua ya yule dada akambandika na yeye, na ya kwangu akanibandika, akatutazama sote wawili akauliza wanafunga saa ngapi. Nikamwambia saa mbili. Akasema bas, twendeni tukapige simu kwa waliobaki ghorofa ya kumi na nne, muda upo.